Vigoda vyenye dumuzi: usipulizie dawa

SWALI: Shikamoo. Nasoma uzamili wa uhifadhi wa vitu vya makumbusho na niko Iringa kwa mafunzo kwa vitendo. Nimekabidhiwa vigoda vitatu na ngoma. Vyote vinatoa unga wa dumuzi. Wenyeji wangu wanataka nipulizie dawa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usipulizie. Dawa huishia juu, na anayekula mti ni buu aliye ndani. Itaacha madoa, na sumu itamsubiri kila atakayekishika kigoda. Vaa glavu na barakoa tangu sasa, maana baadhi ya vitu vya zamani vilishapakwa arseniki au DDT bila mtu kuandika.

Kwanza jua kama wadudu wako hai. Piga picha kila upande pamoja na rula, futa unga kwa brashi laini, kisha tenga kila kitu juu ya karatasi nyeusi kwa wiki mbili, uone kama unga mpya unaanguka. Usikisogeze: mtikisiko huangusha unga wa zamani ukakudanganya. Tundu jipya lina kingo safi, rangi ya mti wenyewe. La zamani limeshika vumbi.

Vigoda viende friza. Vifunge kwa shuka safi ya pamba, kisha mfuko mzito wa nailoni, kamua hewa, ziba kwa selotepu. Nyuzi 18 chini ya sifuri, siku 14, ukihesabu tangu kipimajoto cha ndani kilipofika hapo. Usivirundike, kwani wadudu wakipoa polepole huizoea baridi. LUKU ikiisha usiku na kipimajoto kikapanda, anza kuhesabu upya, hata kama ulibakiza siku moja. Ukivitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, kigoda kinene saa 48. Ukiharakisha, unyevu wa hewa utatua kwenye mti baridi na kuleta ukungu.

Ngoma usiigandishe. Ngozi iliyowambwa hukaza zaidi kwa baridi, ikapasuka. Inyime oksijeni: mfuko wenye tabaka la alumini (nailoni ya kawaida hupitisha hewa) na vifyonza oksijeni, hadi ibaki chini ya asilimia 0.3, kwa wiki tatu katika nyuzi 25. Stoo ya Iringa mwezi Julai haifiki nyuzi hizo, na mdudu aliyepoa hupumua kidogo, kwa hiyo pasha chumba joto au ongeza wiki. Mwambie msimamizi aagize vifaa mapema; kwa sasa ifungie ngoma kwenye mfuko, mbali na vingine.

Andika kwenye kadi ya kila kitu tarehe, nyuzi za kila siku na kila umeme ulipokatika. Ripoti ya chuo utaitoa humo.