Neno la kingereza usiliulize maana, liulize limekaa wapi

Haya jamani, leo naongea na wenzangu tuliosoma kingereza cha kukariri, ile water maji, book kitabu, bone mfupa, daftari linajaa kurasa kwa kurasa alafu ukikutana na mgeni hapa Bagamoyo unabaki unatabasamu tu kama unapigwa picha.

Mimi nilianzia jikoni, hoteli moja ndogo huku ufukweni, jina tuliache. Wiki ya kwanza tu meneja kabandika karatasi kwenye mlango wa friji, kaandika Bone the fish, leave the skin, yeye kaenda zake Dar. Nikasoma. Bone najua, fish najua, leave ni kuacha, skin ngozi. Nikapiga hesabu kichwani nikasema huyu anataka samaki wa mifupa, ngozi tuachane nayo. Basi wale samaki, changu, nikawachuna ngozi wote, miiba nikaiacha kama Mungu alivyoipanga, nikatia kwenye mafuta, kwanza wakaanza kumeguka humohumo kwenye karai kwa sababu ngozi ndio ilikuwa iwashike, nikaona hayo madogo. Mgeni wa kwanza, mzee wa watu, mwiba ukamkwama kooni. Kakohoa mpaka macho yamekuwa mekundu, mi nimesimama na beseni sijui niliweke wapi. Mwisho akautema, na samaki akarudi jikoni na sahani yake.

Meneja aliporudi nikaelewa kwamba nimefanya kinyume cha kila kitu. Bone pale ilikuwa kitendo, toa miiba. Na leave the skin maana yake ngozi usiiguse.

Kinachotuponza ni kwamba sisi kwetu neno linavaa sare. Ukisikia mvuvi ni mtu, uvuvi ni kazi, anavua ni kitendo, hata ukiwa umelala nusu utaelewa. Kingereza neno linatembea bila sare, fish ni samaki na fish hiyohiyo ni kuvua samaki. Na sio kwamba Waingereza hawakuwa na sare, kwenye kingereza cha kale samaki aliitwa fisc na kuvua ni fiscian, upendo ni lufu na kupenda ni lufian, alafu karne zikapita, mikia ya maneno ikaliwa kidogo kidogo, ikabaki fish na fish, love na love. Mpaka leo wanaendelea na mchezo wao, Google ni jina la kampuni, mwaka 2006 kamusi ya Oxford ikaliingiza kama kitenzi, imetoka hiyo. Sisi tukilichukua lazima tulivishe, nime-google, ana-google, atai-google. (Ingawa tusijisifu sana, hata sisi tuna karibu, yuko karibu, karibu ndani, karibu saa sita.)

Sasa ushauri wangu ni huu, ukikutana na neno angalia majirani zake kabla hujakimbilia maana. Likitanguliwa na the, a, my, this, na hakuna jina lingine mbele yake, hilo ni jina la kitu. Likitanguliwa na to, can, will, don't, please, au limefungua sentensi kama amri, hilo ni kitendo. Likibanwa katikati, limetanguliwa na the na mbele yake kuna jina lingine, linaeleza hilo jina. Chukua back. My back hurts, mgongo. Back the car, rudisha gari nyuma. The back door, mlango wa nyuma. Come back, rudi. Neno moja, kazi nne, na hakuna herufi iliyobadilika.

Hapohapo kuna mtego wa mpangilio, wao jina kubwa linakuja mwisho, sisi linakuja mwanzo. Fish market ni soko la samaki, ukigeuza market fish unaongelea samaki wa sokoni. Kwa hiyo ukiona majina mawili yameongozana anza kusoma kutokea nyuma.

Ila sehemu iliyonitesa kuliko zote ni hii ya jikoni, kwa sababu hata ukishajua kwamba ni kitendo bado hujajua unaweka au unatoa. Salt the fish, weka chumvi. Butter the bread, paka siagi. Oil the pan, paka mafuta. Sawa, tunaweka. Alafu bone the fish toa miiba, skin the fish toa ngozi, milk the cow kamua, hapo tunatoa. Na dust ndio kiboko, dust the table ni futa vumbi, lakini dust the cake with sugar ni nyunyiza sukari juu ya keki. Sheria ya kukariri hapa sijaipata, mi najiuliza tu mtu mwenye akili zake na hiki kitu kwa kawaida wanafanyana nini. Hakuna anayempachika ng'ombe maziwa. Wengine huandika debone, ile de mwanzoni inakusaidia, ila meneja wangu hakuwa na huruma hiyo.

Na masikio pia yanahitajika. Nilipohamishiwa mapokezi kuna wageni wawili wakaniuliza, is Kaole close? Mi nikasikia habari ya kufunga, nikajibu kwa furaha kabisa, no no, open, every day! Wakaondoka kwa miguu, saa saba mchana, na magofu ya Kaole kutoka mjini ni kama kilomita 5. Walirudi wamekuwa wekundu kama kamba wa kuchemsha. Close ya karibu inaishia na s, klos. Close ya kufunga inaishia na z, kloz. House na use nazo ziko hivyo, jina s, kitendo z. Nyingine hubadilisha mkazo, record na permit zikiwa majina unakandamiza mwanzo, zikiwa vitendo unakandamiza mwisho.

Alafu usije ukachangamka ukageuza kila neno. Advice ni jina, kitendo ni advise, mimi I will advice you niliiandika kwenye barua ya maombi ya kazi na mpaka leo sijajibiwa.

Juzi nimepita jikoni kuchukua chai, nakuta kuna dogo mpya kasimama mbele ya friji ileile, karatasi mpya imeandikwa Shell the prawns, beseni la kamba liko miguuni kwake. Akanigeukia, "Kaka shikamoo, eti hawa kamba tunawapeleka sheli kufanya nini?" Nikamwambia soma tena, hiyo shell imetanguliwa na nini? "Hakuna kitu." Na mbele yake? "The prawns." Akakaa kimya kidogo, akachukua kamba mmoja, akamgeuza geuza, akaanza kumvua ganda.