Gemu Yako Ipakie Siku ya Kwanza

Msichana mmoja wa Kisauni, mwanafunzi wa chuo, ameniandikia hivi: "Dada, kila nikiingia mashindano ya kutengeneza gemu naanza vizuri. Ikifika Jumapili usiku kila kitu kimevurugika, naacha. Wewe unamalizaje?"

Swali limenifikia wakati mzuri. Nimetoka tu kuwasilisha gemu yangu Ludum Dare, mashindano ya mtandaoni ya kutengeneza gemu kwa mada inayotolewa siku yenyewe, na furaha niliyo nayo sioni sababu ya kuificha. Mashindano haya yapo tangu 2002. Yana vitengo kama Compo na Jam. Ukiingia Compo uko peke yako, una saa 48, na kila picha na kila sauti uitengeneze ndani ya muda huo. Ukiingia Jam mnaweza kuwa kundi, na mnapewa saa 72. Kwa saa zetu mada hutoka alfajiri ya Jumamosi. Mimi niliingia Compo.

Gemu yangu ni ya hamali mwenye mkokoteni wa magunia, anauteremsha kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni huku feri imeshateremsha mlango na watu wamejaa mbele yake. Kitufe ni kimoja. Ukikibonyeza anakaza mgongo kuuzuia mkokoteni, ukikiachia unaserereka. Nimelelewa Likoni, mteremko ule naujua kwa nyayo zangu. Sauti ya "Habedari! Habedari!", yaani jihadharini, ni ya kaka yangu, nilimrekodi kwa simu chumbani, dirisha limefungwa, feni imezimwa, jasho linamtoka. Watu wa Brazil na Poland wameicheza na kuniuliza neno hilo maana yake nini. Nilipoyasoma maswali yao nilisimama nikazunguka chumba kizima.

Sasa jibu lako, mdogo wangu. Jumamosi adhuhuri gemu hiyo ilikuwa mraba unaoteremka juu ya mstari. Hakuna hamali, hakuna feri, hakuna bahari. Nikaitoa kwenye Godot, programu ninayotengenezea gemu, kama gemu ya kuchezwa kwenye kivinjari, nikaifunga kwenye faili la zipu, nikaipakia itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, kwenye ukurasa ambao bado haujafunguliwa kwa umma. Nikaifungua kwenye simu ya mama, mraba ukateremka. Kuanzia hapo nilikuwa na kitu cha kuwasilisha, na yote niliyoyafanya baadaye yalikuwa nyongeza.

Wengi huacha kupakia mpaka saa ya mwisho, na matatizo mabaya yanakaa hapo hapo, kati ya laptopu yako na kivinjari cha mtu mwingine. Ndani ya zipu, faili la index.html, lile kivinjari kinaloanza nalo, liweke juu kabisa, lisifichwe ndani ya folda. Windows haijali kama picha inaitwa Feri.png au feri.png, lakini gemu ikishapakiwa hayo ni majina mawili tofauti na picha haitaonekana. Vivinjari huzuia sauti mpaka mchezaji aguse kitu, kwa hiyo weka skrini ya "Bonyeza kuanza". Na ukitumia Godot, yale mafaili ya kutolea gemu (export templates) ni mazito, mamia ya megabaiti au zaidi. Yapakue wiki moja kabla, bando likiwepo. Usiku wa mashindano si wakati wa kukimbilia dukani kununua bando.

Jumapili jioni stima ilipotea mtaa mzima. Majirani walitoka nje kupunga upepo, nami nikatoka nao, nikala viazi karai kwa ukwaju, kwa sababu toleo la mchana lilikuwa limeshapakiwa. Lilikuwa na hamali, feri na mwisho wa kushinda. Mvua niliyoitaka haikuwemo. Kunguru hawakuwemo. Hakuna hata mchezaji mmoja aliyeuliza kunguru wako wapi.

Nitalisema na hili kwa sababu najua nawe litakupata. Mchana huo tulikuwa na wageni nyumbani, na ami yangu akasema mbele yao, "Huyu mtu mzima, bado anacheza." Wakacheka. Nilitia chakula changu kwenye sahani nikarudi chumbani, na mpaka leo neno lile lipo kifuani. Kutengeneza gemu ni kazi. Mfini Arvi Teikari alitengeneza gemu ya mafumbo, Baba Is You, kwenye mashindano ya Nordic Game Jam ya 2017. Alianza na wazo dogo lililotimia, na kufikia 2019 lilikuwa gemu kamili inayouzwa duniani. Mabinti na vijana wa Mombasa, msingoje ruhusa ya barazani. Hakuna atakayekuheshimia gemu iliyolala ndani ya laptopu. Iwasilishe. Ikiwa ndogo, iwasilishe. Ikiwa mbovu kidogo, iwasilishe, watu waicheze wakwambie.

Kwenye Compo, muda ukiisha huongezwa saa moja ya kufungasha na kuwasilisha. Usiipangie kazi mpya saa hiyo. Itumie kuandika maelezo, kuweka picha nzuri ya mbele, na kupakia msimbo wako, yaani code ya gemu, maana Compo wanaudai.

Halafu usilale moja kwa moja. Gemu inahitaji kupigiwa kura 20 ndipo ipate nafasi kwenye matokeo, na njia ya kuzipata ni kucheza gemu za wenzako na kuwaandikia maoni ya maana, nao watakuja kwako. Mimi nilifanya hivyo kila usiku baada ya isha.

Mashindano yajayo ingia Compo, kitufe kimoja, Jumamosi adhuhuri uwe umeshapakia. Nami nitakuwemo. Nitumie kiungo, gemu yako nitaicheza ya kwanza.