Maji ya mto wakati daraja la zamani linabomolewa

Ndugu, umeuliza kama maji ya mto bado yanafaa kuchotwa tangu mkandarasi aanze kubomoa daraja, na pa kulalamika ni wapi.

Tope peke yake lina dawa: acha maji yatulie, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha. Usitegemee klorini kwenye maji machafu, haiui vijidudu vizuri. Ninachokihofia zaidi ni zege la daraja jipya. Nenda ukaangalie wanapooshea mashine ya kuchanganyia. Yale maji ya kijivu ni makali mno, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hufika 12, yanaunguza matamvua ya samaki, na kuyachemsha ni kazi bure. Yanatakiwa kuishia kwenye shimo lililotandikwa turubai, mbali na kingo. Ukikuta mfereji umeelekezwa mtoni, piga picha yenye tarehe, na kwa sasa chota upande wa juu wa mto, kabla maji hayajafika darajani.

Anza na mhandisi mshauri wa mradi, yuko hapo hapo saiti. Akikuzungusha (wengine ni hodari kwa hilo), andikia Bodi ya Maji ya Bonde lenu na NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa), nakala kwa mtendaji wa kijiji. Ombeni mpango wa usimamizi wa mazingira wa mradi.