Mega Drive ya PAL kupoteza rangi kwenye 60 Hz

Mkuu wa Moshi, unasema fundi amekufungia swichi ya 50/60 (ya kuchagua picha 50 au 60 kwa sekunde) kwenye Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega, ya PAL (mfumo wa rangi wa TV za Ulaya), gemu zinakimbia safi, ila TV ya chogo inatoa picha nyeusi na nyeupe, na sasa anataka kubadilisha kapasita zote. Mzuie kwanza. Kapasita hapo hazina kesi.

Huku Arusha mashine hizi napokea sana, na shida hii huwa ni ya hesabu tu. Kristali, yaani kijisehemu kinachotoa mapigo ya saa ya mashine, kwenye ya PAL ni MHz 53.203. Chipu ya video huigawa kwa 12, inapata 4.4336, ambayo ndiyo masafa ya rangi ya PAL. Ukigeuza swichi kwenda 60, chipu inajiona iko Marekani, inagawa kwa 15 na kupata 3.5469. NTSC, mfumo wa rangi wa Marekani, inataka 3.5795. Pengo hilo ni karibu kHz 33, wakati TV huvumilia mamia ya hezi tu. Ikishindwa kuishika rangi, inaizima. Ndiyo maana hata ukiiweka TV kwenye NTSC hupati kitu.

Ukitaka kuhakikisha, weka probu ya osiloskopu (kipimo kinachochora mawimbi ya umeme) kwenye x10. Kristali yenyewe usiiguse, probu inaweza kuiyumbisha au kuizima kabisa. Gusa pini ya saa ya 68000, yaani prosesa kuu, maana ni saa ileile iliyogawanywa kwa 7: ya PAL inasoma 7.60, ya Marekani 7.67. Kale kaosiloskopu ka DSO138 ka Kichina kanaishia kHz 200, kwa kazi hii hakafai.

Kimo cha picha, yaani volti za waya wa video, kipime TV ikiwa imechomekwa, au weka rezista ya omu 75 kwenda graundi. Bila mzigo utasoma karibu volti 2 badala ya 1, uanze kulaumu chipu nzima. Sinki (mapigo ya kupanga mistari ya picha) ichukue kama 0.3, nyeusi hadi nyeupe 0.7.

Kama TV ni mtumba wa Ulaya, chungulia nyuma: ikiwa na SCART (soketi pana ya pini 21) inayopokea RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake, vuta RGB na umemaliza, kwa sababu RGB haihitaji masafa ya rangi. Vinginevyo tafuta osileta (kijisehemu kinachotoa masafa yake chenyewe) ya MHz 4.4336 uilishe enkoda, chipu inayochanganya rangi kwenye waya wa video, na enkoda hiyo ibaki kwenye PAL; TV nyingi za PAL hukubali 60 Hz. Ila kata kwanza njia inayotoka chipu ya video, la sivyo saa mbili zitagombana kwenye pini moja.