Umepata cheti cha ukocha? Ngoja kwanza, bei itakuja

Juzi usiku kijana mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, aliniandikia. Amemaliza kozi ya ukocha wa mazoezi, miezi mitatu, akanitumia picha mbili, ya cheti na ya kifua chake, na swali moja tu: "Kocha, nilipishe ngapi kwa saa?"

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Miaka sita iliyopita yule alikuwa mimi.

Leo nina wateja 14 wa kudumu na sioni haya kulisema. Nilianzia kwenye jimu moja hapa mjini, jina nalihifadhi, nikifagia, nikipanga vyuma, nikifundisha mtu mmoja mmoja. Mteja analipa 1,500, mimi napewa 400. Siku niliyoondoka wateja wangu wakaambiwa nimefukuzwa kwa wizi. Wizi! Mimi niliyekuwa nafungua mlango saa kumi na moja alfajiri na kuufunga saa tatu usiku. Wawili tu ndio walionipigia simu kutaka kujua ukweli. Hao wawili ndio walionijengea kazi hii, lakini hadi leo matatu ikipita pale huwa nageuza uso. Basi, tuyaache.

Ninachotaka kukuambia, mdogo wangu, hakimo kwenye cheti. Mmoja wa wale wawili aliniletea mama yake, mwalimu mstaafu. Mama alitaka kupunguza tumbo kabla ya harusi ya kitindamimba wake. Nami nikajiona daktari. Nikamwandikia: ugali usiku marufuku, chapati asahau, na asubuhi aje mazoezini bila kutia kitu tumboni "ili mwili uchome mafuta". Maneno hayo nilikuwa nimeyaokota kwenye simu.

Jumamosi ya pili tulikuwa kwenye bustani ya miti ya Arboretum. Tumepanda kilima mara nne hivi, akasema, "Kocha, miguu inakataa." Nikamwambia asiudekeze mwili. Nilipogeuka kumtazama, jasho jembamba lilikuwa limemtanda juu ya mdomo, na ile baridi yote ya Julai, vidole vinatetemeka kama vya mtu anayepiga taipu hewani. Akaanza kuniita kwa jina la mwanawe. Nilikuwa na ndizi kwenye mkoba, kumbe tumbili alishaondoka nayo tulipokuwa tukinyoosha viungo. Kulikuwa na familia imetandika leso chini ya mti. Niliwakimbilia kama mwendawazimu, wakanipa soda. Akanywa. Baada ya kama robo saa akanitazama vizuri, akauliza, "Kwani tuko wapi?"

Kumbe ana kisukari. Alfajiri alikuwa amemeza vidonge vyake, vile vinavyolisukuma kongosho limwage insulini, kisha hakula kwa sababu kocha kasema. Dawa inashusha sukari, njaa inashusha, kilima nacho kinashusha. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanijibu kwa sauti ile ya darasani, bila hasira: "Hukuniuliza, mwanangu."

Usiku huo sikulala.

Tangu hapo simshikishi mtu chuma kabla hatujaketi nusu saa, mimi na daftari langu. Unameza dawa gani? Presha je? Moyo? Goti? Umewahi kupasuliwa? Unalala saa ngapi? Nani anapika kwako? Hilo la mwisho makocha hulidharau, na ndilo linalonifungulia mengi. Mtu anayekula mchana kwenye kibanda cha Industrial Area utampaje orodha ya samaki wa kutoka Norwe na mbegu asizoweza hata kuzitamka? Mwambie aongeze yai, maana yai moja tu lina gramu kama 6 za protini, akumbuke ndengu na omena, na ule mlima wa ugali aukate nusu. Huyo utakaa naye miaka.

Na hapa mniruhusu niwe mkali. Kujua protini na wanga hakukufanyi mtaalamu wa lishe. Kenya ina sheria ya mambo haya tangu 2007, na taasisi iitwayo KNDI ndiyo inayowasajili wataalamu wa lishe. Kama hujasajiliwa, usijiite hivyo, wala usimpangie mgonjwa chakula. Lakini ingia mtandaoni uone vijana wanavyouza "mpango wa siku 21", mpango mmoja kwa mama mjamzito, mwenye figo na mwanamasumbwi. Mimi mwenye kisukari namtuma kwa aliyesajiliwa, kisha narudi kwenye vyuma vyangu. Mnaona napoteza pesa? Mtaalamu mmoja ninayemtumia watu ameshanirudishia wateja watatu. Uliza kwanza. Nitalisema mpaka mnichoke: uliza. Kifua chako ni kizuri, nimekiona, lakini hakitakuambia mteja amemeza nini asubuhi.

Yule mama bado tuko naye, Jumanne na Ijumaa. Daktari wake alibadilisha dawa, na siku hizi hatuanzi kabla sijaona amekunywa uji. Kitambi kimepungua kidogo tu. Harusini alicheza mpaka viatu vikavuliwa.

Sasa bei. Mteja wangu wa kwanza wa nyumbani alikuwa Lavington, mimi nikiishi Kayole. Nilimlipisha 700 kwa saa nikajiona tajiri. Matatu hadi mjini, nyingine hadi Lavington, na kurudi vilevile, saa tatu barabarani, na jioni mvua ikinyesha makanga anapandisha nauli bila kupepesa jicho. Mwezi ulipoisha nikakuta ninachobaki nacho hakilipi hata nusu ya kodi ya nyumba. Siku hizi asubuhi nafundisha mtaa mmoja tu, nalipisha kwa mwezi, na pesa inaingia M-Pesa kabla ya tarehe 5.

Yako siwezi kukutajia bado. Nijibu kwanza: hao wateja unaowalenga wako wapi, unafikaje kwao kutoka Umoja, na mvua ikinyesha jioni nauli huwa ngapi?