Barua kwa Mwanangu: Upepo Uliovuka Milima ya Wyoming

Mwanangu Neema,

Kamwene. Huku Mafinga hatujambo. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama majani ya chai aliyokutumia yamefika.

Umeniuliza kama ni kweli wanayosema wenzako kazini hapo Salt Lake City, kwamba tornado, ule upepo mkali unaozunguka kutoka wingu la mvua hadi ardhini, haipandi milima, na anayekaa katikati ya milima hana la kuhofia. Si kweli, mwanangu.

Tarehe 21 Julai 1987, mchana, tornado ilitua katika msitu wa Teton huko Wyoming, jimbo linalopakana na lako. Ikafyeka msitu kuelekea kaskazini mashariki mpaka ndani ya hifadhi ya Yellowstone, njia yenye urefu wa kilomita 39 na upana uliofika kilomita 2.5. Ikavuka mgongo wa milima unaoyagawa maji ya Marekani, ya upande mmoja yakienda Pasifiki na ya upande wa pili Atlantiki, mahali penye mwinuko wa mita 3,070. Katika kupima ukali wa tornado ilipewa daraja la F4, na juu ya hilo limebaki F5 peke yake. Miti iliyolazwa ilikadiriwa kufika milioni moja. Mimi niliyezeekea kwenye misindano ya Sao Hill, hesabu hiyo bado inanisumbua. Hakufa mtu, kwa kuwa kule ni pori tupu, hakuna kijiji wala barabara.

Sasa utauliza: kama hapakuwa na watu, ilijulikanaje? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana ndiyo kazi niliyoipenda maisha yangu yote. Miti iliyoanguka husomeka. Upepo ulionyooka huilaza yote upande mmoja. Upepo unaoporomoka kutoka wingu la mvua hupiga ardhi kisha husambaa, kwa hiyo miti hulala ikitazama nje pande zote kutoka kitovu kimoja. Tornado huvuta kwa kuzunguka, na miti yake hulala ikielekea ndani, mingine ikipishana juu ya mingine.

Aliyeusoma msitu ule ni Profesa Ted Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, Mjapani, ndiye aliyebuni madaraja hayo ya F mwaka 1971. Mwaka 1945 alikuwa mwalimu kijana karibu na mji wa Kokura, Japani. Bomu lililoiteketeza Nagasaki lilikusudiwa Kokura kwanza, ila siku ile mji haukuonekana vizuri kutoka angani. Baadaye akapelekwa Nagasaki na Hiroshima kukagua, akaona jinsi uharibifu ulivyosambaa kutoka chini ya mlipuko. Mwaka 1974, akiruka kwa ndege juu ya misitu ya West Virginia baada ya tornado nyingi, akaona miti imelala kwa mpangilio uleule, akakumbuka. Kutokana na hilo akaeleza upepo unaoporomoka ghafla, ule ulioangusha ndege ya abiria New York mwezi Juni 1975. Wengi walimbishia, lakini leo viwanja vikubwa vya ndege vina mitambo ya kuonya juu yake. Unapopanda ndege kuja nyumbani, kazi ya mzee huyo inakulinda.

Kule Teton alichambua picha zilizopigwa kutoka angani. Ndani ya eneo lililoharibiwa alikuta alama 72 za mporomoko wa aina hiyo zikichanganyika na mzunguko wa tornado yenyewe. Mwaka uliofuata mioto mikubwa ya Yellowstone ikateketeza sehemu ya magogo yale.

Wenzako wana haki kidogo tu. Tornado kali hutaka hewa ya joto yenye unyevu chini, baridi juu, na upepo unaobadilika mwelekeo na kasi kadiri unavyopanda. Milimani hewa huwa baridi na kavu zaidi, kwa hiyo mara nyingi mahitaji hayo hayakutani. Yakikutana, mlima hauzuii kitu. Nao wasisahau ya mjini kwao: tarehe 11 Agosti 1999 tornado ilipita katikati ya Salt Lake City, ikaua mtu mmoja na kujeruhi makumi.

Sikuandikii ili ukose usingizi, kwa kuwa hapo ni nadra kweli. Lakini simu ikitoa onyo la tornado, usitoke kwenda kupiga picha, wala usisubiri kuona wenzako watafanya nini. Shuka chini kabisa ya jengo, ingia chumba cha ndani kisicho na dirisha, jikunyate na ufunike kichwa. Ukiwa zamu hospitalini, fuata utaratibu wao, na uuulizie wiki hii hii kabla hujauhitaji. Kisha uniandikie: hilo jengo unalopanga lina chumba cha chini ya ardhi, na mlango wake hukaa wazi au hufungwa kwa ufunguo?

Baba yako