Hizo 15,000 ni za kodi, si za rehabu

Usipeleke hiyo pesa rehabu, kile kituo cha kutibu walevi. Usiipeleke hata kama mkutano wa familia wa Jumamosi utaamua hivyo, hata mzee akinuna. Nimesoma ulichoandika nikashindwa kupita. Kaka yako alikuwa anaendesha tuktuk hapo Kisumu, mwenye tuktuk ameichukua, chumba cha Manyatta kina deni la miezi miwili, landilodi amempa hadi mwisho wa mwezi, jioni anakunywa, na familia ina 15,000 inazobishania: kituo cha walevi, au nauli ya kumrudisha kijijini Ugenya "akatulie". Halafu waliokutangulia kujibu wanakwambia ukimlipia kodi unamfuga uvivu. Dada yangu, lipa kodi. Lipa leo ukiweza.

Kaka yako bado yuko ndani ya chumba chake. Bado ana mlango anaoufunga mwenyewe usiku, mahali pa kuoga asubuhi, pa kuchaji simu, na majirani wanaomjua kwa jina. Mtu wa namna hiyo anaweza kuamka kesho akaenda kuomba tuktuk nyingine na akapewa. Akishatoka nje hapewi, na hili silisemi kwa kusikia.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa kuchomelea hapa Nakuru. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma. Alikuwa amepanga chumba Kaptembwo, 4,000 kwa mwezi, na mke na watoto. Kafyu ya korona ilipowekwa Machi 2020, waliokuwa wanajenga wakasimamisha ujenzi, na asiyejenga haagizi geti. Deni likafika miezi miwili. Elfu nane. Aliniomba mimi, akamwomba mdogo wetu, akapanda hadi kwa mjomba. Kila mmoja alikuwa na kidogo, na tungechanga pesa ingefika.

Badala ya kuchanga tukaitana kikao, na kwenye kikao akaletwa mshauri. Sitamtaja, na kanisa lake silitaji, lakini sijamsamehe. Alikuja na karatasi kubwa, akabandika ukutani kwa mama, akachora mti: mizizi, shina, matawi. Mizizi ni tabia, akasema, na kodi ni jani tu. Ukilipa jani mizizi inabaki. Kaka alikuwa anakunywa wikendi, na mama alikuwa amelalamika, kwa hiyo sote tukatikisa vichwa. "Mwacheni aonje matunda ya tabia yake, mkimwokoa sasa mnamwua." Akalipwa nauli na chakula cha mchana akaenda zake. Hakuuliza hata swali moja kuhusu ile kafyu. Hakuuliza geti la mwisho kaka alitengeneza lini. Mtu amesomea ushauri nasaha, amekaa sebuleni saa nzima, na hakuuliza mgonjwa wake atalala wapi!

Mwisho wa mwezi keateka, mtu wa landilodi anayeangalia ploti, akaja na mnyororo. Alipitisha mnyororo kwenye komeo, juu ya kufuli ya kaka mwenyewe, akatia kufuli lake kubwa la shaba. Ndani kulibaki mashine ya kuchomelea, grinda, barakoa ya fundi, kitambulisho, sare za watoto za shule. Mashine kaka alikuwa ameiweka chini ya meza na kuifunika gunia, na kupitia dirishani ungeiona. Nilikuwa naambiwa na majirani kwamba kaka anakuja asubuhi, anasimama pale dirishani, anaangalia lile gunia, anaondoka.

Hebu fikiria hapo. Tulisema afanye kazi ndipo alipe, na kazi yake imefungiwa ndani kwa sababu hajalipa. Kuna mteja alikuwa ameshatoa malipo ya kwanza ya geti. Geti halikutengenezwa kwa sababu hakuna mashine, mteja akaenda polisi, na sasa kaka ana deni la nyumba na kesi ya utapeli. Simu ikazima. Waliokuwa wakimpigia kwa ajili ya kazi wakapata fundi mwingine. Mke akachukua watoto akaenda kwao Mumias, na simlaumu hata kidogo, angewalaza wapi? Kaka akalala kwenye banda la jua kali hadi mwenye banda akachoka naye, kisha kwenye baraza za maduka mjini karibu na steji. Baridi ya Nakuru usiku unaijua ama hujaijua, lakini aliyelala nayo kwenye saruji ataikubali chang'aa yoyote atakayopewa. Pale ndipo alipokuwa mlevi kweli. Aliingia barabarani akiwa mtu anayekunywa wikendi. Barabara ndiyo iliyomfanya yule mlevi ambaye mshauri alikuwa ameshamchora kwenye mti wake.

Na mshauri akarudi! Akarudi kutuambia mnaona sasa, nilisema. Tukachanga upya, kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, kwa harambee, mpaka shangazi aliye Eldoret akauza mbuzi. Zaidi ya 70,000 kwa miezi mitatu ya rehabu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tuliujenga kwa pesa za watu.

Wa kituo walifanya kazi yao, sitasema uongo. Alitoka amenenepa, macho meupe, na cheti. Siku ya kutoka tukampokea kwa soda na maombi, na ilipofika jioni ndipo watu wakaanza kutazamana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kaka atalala wapi. Nikamchukua. Mimi na mume wangu na watoto tulikuwa na vyumba viwili. Mwanamume mzima, fundi, analala kwenye kochi la shemeji yake, hana mashine, hana pa kwenda asubuhi, anapishana na watoto kwenda chooni. Alivumilia, mume wangu alivumilia, kisha siku moja akakunja blanketi vizuri akaondoka bila kuaga. Alikuwa hajaonja pombe tangu atoke. Tulimkuta kwenye steji ileile.

Mashine nayo ilikuwa imeuzwa. Landilodi alisema amefidia deni. Hapa kisheria alikosea, na nakuambia ili usikubali kaka yako afanyiwe hivyo: mwenye nyumba hana ruhusa ya kujichukulia vitu vya mpangaji na kuviuza mwenyewe. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi inataka dalali mwenye leseni, na kuna utaratibu wake na notisi yake. Kung'oa mlango, kutoa mabati, kutia kufuli juu ya kufuli, hayo ni mazoea ya ploti zetu, siyo sheria. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imeandika makao yanayofaa kuwa haki ya kila mtu. Ila nisikudanganye, ukiwa na deni la 8,000 na hujui wakili, haki hiyo haikufungulii mlango jioni ya leo. Kodi inaufungua.

Kilichomtoa kaka mwishowe ni chumba. Tulilipa dipoziti na kodi Free Area, tukamlipa yule mteja wa geti, na fundi mwenzake akampa mashine ya kuazima alipie polepole. Pombe haikuisha siku hiyo wala mwezi huo. Ilipungua jinsi kazi ilivyorudi. Sasa watoto wako naye wakati wa likizo.

Sasa nigeukie waliojibu kabla yangu, kwa sababu maneno yao ndiyo yaliyonitoa mafichoni.

Aliyesema "hata California na pesa zake zote imejaa walevi barabarani, kwa hiyo ni tabia tu", umelishika jambo kinyume. Kama ni dawa za kulevya na umaskini vinavyoweka watu barabarani, basi West Virginia ingeongoza Marekani. Ni jimbo maskini, na kwa miaka limekuwa juu kabisa kwa vifo vya kuzidisha dawa. Lakini ukilinganisha kwa idadi ya wakazi, California ina watu wasio na makao mara kadhaa zaidi yake. Tofauti ni kodi. West Virginia mtu mwenye matatizo yake bado anaweza kumudu chumba, San Francisco hawezi hata akiwa mzima. Chuo Kikuu cha California kilichoko hapo San Francisco kilitoa utafiti mkubwa mwaka 2023 kikiwahoji watu wenyewe. Kwa kawaida, katika miezi sita kabla ya kupoteza nyumba, kaya ilikuwa inaishi kwa dola 960 kwa mwezi, na kwa kodi za kule hiyo si pesa ya kupangia chochote. Wengi walisema dola 300 hadi 500 za kuongezea kodi kila mwezi zingewazuia wasitoke. Finland ilibadilisha sera mwaka 2008, ikaanza kumpa mtu nyumba kwanza bila kumdai aache pombe kabla ya kupewa ufunguo, na idadi ya wasio na makao imeshuka sana tangu hapo. Hao si watu wanaopenda walevi kuliko sisi. Waliona kwamba mtu anatibika akiwa na kitanda.

Na yuko aliyesema hawa watu wa mitaani ni wa kutoka kwingine, wanaletwa mijini. Hayo hata California wanayasema, na utafiti uleule ulikuta tisa kati ya kumi walipoteza nyumba zao za mwisho palepale California. Hapa Nakuru nimeyasikia tangu nikiwa mtoto: chokoraa si wetu, wameletwa usiku. Usiku ninaoujua mimi ni ule wa Februari 2019, watu wa mitaani walipokamatwa hapa mjini, watoto kwa wakubwa, wakabebwa na kwenda kuachwa msitu wa Chemasusu huko Baringo. Seneti ililichunguza jambo hilo. Na nakumbuka sokoni watu waliosema afadhali, mji umesafika. Mwaka mmoja baadaye kaka yangu alikuwa analala kwenye baraza hizohizo. Kaka yangu, aliyetengeneza nusu ya mageti ya mtaa wetu. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, na Kisumu yako peke yake 2,746. Kila mmoja wao ana ukoo mahali fulani, na nina hakika nyingi za koo hizo zilikaa kikao.

Na wa shamba. "Arudi Ugenya akalime." Alime nini, na shamba ni la nani? Umeandika mwenyewe kwamba mzee amegawa na yeye hajapewa kipande. Dereva wa tuktuk kazi yake iko Kondele na Kibuye, iko kwenye abiria. Ukimpeleka kijijini umemtenga na kazi, na atarudi Kisumu kwa miguu yake, safari hii bila chumba. Mji ukipanda bei watu hawahamii shambani, wanahamia barazani. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021 tulipiga vigelegele, na ukiuliza kodi ya Kaptembwo leo utaelewa nani analipia vigelegele hivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie landilodi wewe mwenyewe, usimtume kaka yako, landilodi ameshachoka kusikia ahadi zake. Mwulize deni kamili ni shilingi ngapi, na usishangae likiwa na maji na taka ndani yake. Tuma pesa kwa M-Pesa moja kwa moja kwa landilodi, si kwa keateka, na si kwa kaka yako. Hii si kwa sababu kaka yako ni mwizi. Mtu anayedaiwa kila upande akishika pesa, wa kwanza kumkuta njiani ndiye anayelipwa. Ujumbe wa M-Pesa uhifadhi, na mwambie akuandikie risiti. Kama 15,000 zinazidi deni, lipa mwezi unaokuja pia, usirudishe hata mia kwenye kikundi cha familia. Mwezi mmoja ambao hakuna anayegonga mlango ni mwezi wa kutafuta tuktuk. Kama hazitoshi, lipa zilizopo na uombe tarehe. Landilodi wengi wanapenda mpangaji wanayemjua mwenye dada anayepiga simu kuliko chumba kitupu.

Mkutano wa Jumamosi nenda ukiwa umeshalipa. Watakasirika, watasema umewadharau wazee. Waambie pombe ya kaka yenu itazungumzwa, na itazungumzwa yeye akiwa amekaa kwake, ameoga, anasikiliza. Kama huko mbele ataonekana anahitaji kituo kweli, mtachanga tena, na siku ya kutoka atakuwa na ufunguo mfukoni. Na kama kuna mshauri amealikwa, mwulize mbele ya wote swali hili moja kabla hajabandika karatasi yake ukutani: huyu kijana akitoka kwako, usiku wa kwanza atalala wapi? Asipokuwa na jibu, mpeni chai aende.

Landilodi alisema mwisho wa mwezi. Leo ni tarehe 26. Piga simu.